Kufa Jioni, Kuamka Asubuhi: Sinema Zinazochekea Mauti



Iko aina ya sinema itokayo Marekani ambayo wazazi wengi hawajui wafanye nini nayo. Ndani yake mna muuaji mwenye kisu, mna msichana akimbiaye gizani akipiga ukelele, na mna mauti. Na pamoja na hayo yote vijana waitazamao hucheka. Mama yuko jikoni anasikia ukelele, anatoka mbio na mwiko mkononi, anakuta watoto wameinamia simu wanacheka mpaka machozi yanawatoka. Akiuliza kichekesho ni nini, anaambiwa, "Msichana amekufa tena, mama." Tena! Hilo neno moja ndilo lililonitia hamu ya kuandika makala haya.

Wanazuoni wetu wa Usul wamefundisha tangu zamani kwamba hukumu ya jambo ni tawi la kulijua jambo lenyewe lilivyo. Wengi wetu tunapanda mimbari tukasema "sinema ni haramu," tukashuka. Na kijana aliyekaa safu ya nyuma anajua kwamba hatujaiona hata moja, kwa hivyo husikiliza mawaidha yale kama mtu asikilizavyo tangazo la dawa ya ugonjwa asioumwa. Kwa sababu hiyo nimezitazama filamu mbili za namna hii, nikainamisha macho palipostahili kuinamisha, na ninataka kuzizungumza kama tuzungumzavyo kitabu: kina nini ndani yake, kwa nini kinapendwa, na wapi kinasema uongo. Habari ya ulevi, matusi na nguo zisizositiri imo, wala haihitaji makala. Kila Muislamu anayajua hayo bila ya kuambiwa na mimi.

Kwanza tujue mti huu umeota wapi. Filamu za muuaji wa kisu zilishika kasi baada ya 1978, mwaka ambao John Carpenter alitoa filamu yake Halloween kwa gharama ya dola kama laki tatu hivi, fedha ambazo kwa watu wa sinema ni kama nauli ya basi, ikaleta mamilioni. Mwaka 1980 ikafuata Friday the 13th, na baada ya hapo zikaja nyingi kama siafu. Kanuni yao ilikuwa moja: vijana wamekusanyika mahali, wanakunywa, wanazini, na muuaji aliyefunika uso anawamaliza mmoja mmoja, mpaka abaki msichana mmoja mtulivu, mwenye haya na akili, ambaye humshinda. Mwalimu wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Carol Clover, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1987 akampa yule anayebaki hai jina la "msichana wa mwisho." Nimewasikia baadhi ya watu wetu wakifurahi: kumbe hata sinema ya Kimarekani inajua kwamba mzinifu mwisho wake ni mbaya! Msidanganyike, nduguzanguni. Kamera ile ilikuwa ikiwala wakosefu kwa macho kabla ya kuwaua, na mtazamaji alilipa kiingilio kwa ajili ya yote mawili.

Mwaka 1996 Wes Craven alitoa Scream, ambayo watu waliomo ndani yake wamekwisha kuziona filamu zile za zamani na wanazijua kanuni zake. Hapo kicheko kikaingia mlango wa mbele. Na upande mwingine kabisa, mwaka 1993, Harold Ramis alikuwa ametoa Groundhog Day, ambayo haina kisu wala damu. Ni kisa cha mtangazaji wa hali ya hewa wa mji wa Pittsburgh, mtu mwenye kiburi na ulimi mkali, aliyetumwa katika mji mdogo wa Punxsutawney tarehe 2 Februari. Akilala akaamka, ni tarehe 2 Februari. Akilala tena, ni hiyo hiyo. Watu wote wa mji hawakumbuki kitu; yeye peke yake anakumbuka. Filamu hii walimu wa dini mbalimbali huko kwao wameitumia kama mawaidha, na si ajabu.

Basi Ijumaa tarehe 13 Oktoba 2017 mito miwili hii ilikutana. (Waliichagua siku hiyo kwa kuwa kwao Ijumaa ikiangukia tarehe 13 ni nuksi. Sisi Ijumaa kwetu ni bwana wa siku, na Mtume S.A.W. amekataza itikadi ya nuksi. Lakini hayo tuyaache.) Filamu yenyewe inaitwa Happy Death Day, yaani "Siku njema ya kufa," ambayo ni mchezo wa maneno juu ya pongezi za siku ya kuzaliwa. Imeongozwa na Christopher Landon na kutengenezwa na kampuni ya Jason Blum, mtu aliyejulikana kwa kutengeneza filamu za kutisha kwa fedha chache. Hii iligharimu dola milioni 4.8 ikarudisha zaidi ya milioni 120 duniani. Nazitaja hesabu hizi kwa sababu moja: jambo lililopendwa kiasi hicho na vijana wa mataifa mbalimbali halikupendwa bure, na anayetaka kuwalea vijana hana budi kuuliza kimewavuta nini.

Kisa chake ni hiki. Msichana mmoja wa chuo kikuu, jina lake Tree, anaamka asubuhi ya siku yake ya kuzaliwa katika chumba cha kijana asiyemjua vizuri, kichwa kinamuuma kwa ulevi wa usiku. Simu inalia, ni baba yake, haipokei. Anatoka nje, anapita kwa kiburi: mtu anamwomba atie sahihi karatasi, anampuuza, maji ya kunyunyizia majani yanarusha, kengele ya gari inalia, kijana mmoja anazimia akaanguka, yeye hata hageuki. Mwenziwe wa chumbani amempa keki ndogo yenye mshumaa, anaitupa mbele ya macho yake. Ana uhusiano na daktari, ambaye pia ni mwalimu wake na ni mume wa mtu. Baba amemngoja wale chakula cha mchana pamoja, hakwenda. Jioni, akienda zake karamuni, anakutana na mtu aliyevaa kinyago cha uso wa mtoto mchanga, naye anamuua. Mara macho yanafumbuka: chumba kile kile, simu ile ile inalia, siku ile ile.

Akifa kwa kisu, anaamka. Akijificha, anauawa, anaamka. Akawa anaorodhesha majina ya watu anaowashuku, kila siku anamfuata mmoja, na kila usiku anakufa kwa njia nyingine huku muziki wa furaha ukipigwa. Hapo ndipo watoto wanapocheka. Na ni lazima niseme haki, kwa kuwa tumeamrishwa uadilifu hata kwa tusiowapenda: mwigizaji Jessica Rothe anaicheza kazi hii vizuri sana. Uso wake asubuhi ya kwanza ni wa dharau, ya pili ni wa mashaka, ya tatu ni wa khofu, na baadaye ni wa uchovu wa mtu aliyechoka hata kuogopa. Muongozaji naye ana werevu. Katika filamu za zamani yuko msichana mwovu ambaye hufa mwanzo, na yuko msichana mwema ambaye hubaki mwisho. Huyu Landon amewafanya wawili wale kuwa mtu mmoja: yule wa kufa mwanzo anauawa tena na tena mpaka ageuke akawa yule wa mwisho. Hilo ni wazo zuri, na ndilo lililoifanya filamu hii isiwe sawa na mia nyingine.

Sasa, kwa nini inapendwa? Wengine watasema ni kwa sababu ya upumbavu wa vijana. Mimi sikubali jibu jepesi hilo. Kijana anapoona mtu amekufa akaamka na kuambiwa, kwa hali, "Haya, jaribu tena," moyo wake unaguswa mahali palipo wazi kwa kila mwanadamu. Nani kati yetu asiyekuwa na siku moja ambayo angetoa mali yake yote apewe aiishi upya? Tamaa hiyo Qur'ani imeieleza kabla ya kuzuka sinema kwa karne nyingi. Katika Sura ya Al-Muuminun, aya ya 99 na 100, Mwenyezi Mungu anatusimulia habari ya mtu yanapomfikia mauti: ataomba arudishwe, akafanye mema katika yale aliyoyaacha, naye atakataliwa, na mbele yake pana kizuizi mpaka siku ya kufufuliwa. Filamu hii yote, kwa dakika zake zote, ni ombi lile lile; tofauti ni kwamba ndani ya filamu limekubaliwa.

Na watu wema wa kale walilijua ombi hilo wakalifanyia kazi. Imam Ghazali katika Ihya anapofundisha namna ya mtu kujihesabu nafsi yake, anamtaka kila asubuhi aiambie nafsi kwamba ijione kama kwamba imekwisha kufa, kisha ikarudishwa duniani kwa siku hii moja tu. Tena inasimuliwa khabari ya Rabii bin Khuthaym wa Kufa, katika Tabiina, mwanafunzi wa Ibn Masud R.A., kwamba alichimba kaburi ndani ya nyumba yake. Kila alipouona moyo wake umekuwa mgumu, aliingia kaburini akalala, akaliomba ombi la yule maiti wa katika Sura ya Al-Muuminun. Halafu akainuka akajiambia: Ee Rabii, umerudishwa, basi fanya. Tazameni! Mzee wa Kufa alikuwa akifa na kuamka nyumbani kwake zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili kabla ya Marekani kutengeneza sinema yake. Na sisi sote, bila ya kaburi la nyumbani, tunafundishwa dua ya kuamka usingizini, tukimshukuru Aliyetuhuisha baada ya kutufisha. Mtoto wa chuoni wa miaka sita anaijua. Anaisema asubuhi hali jicho moja limefumba.

Kwa hivyo simlaumu kijana kwa kuvutwa na wazo hili. Ninachouliza ni kama filamu imelichukua kwa uaminifu.

Jambo la kwanza ni hili: je, kurudia siku kunamtengeneza mtu? Mtindo wote wa filamu hizi umejengwa juu ya "ndiyo." Ukimpa mwanadamu nafasi za kutosha, atakuwa mwema. Lakini katika Sura ya An'aam, aya ya 28, tunaambiwa juu ya watakaosimamishwa mbele ya Moto wakatamani kurudishwa, kwamba hata lau wangerudishwa wangeyarejea yale yale waliyokatazwa. Maneno mazito haya. Hayakusema kwamba muda ulikuwa mchache. Yamesema kasoro haikuwa katika muda. Na ajabu ni kwamba filamu yenyewe, bila ya kukusudia, inaishuhudia aya hiyo kwa nusu yake. Tree anapogundua kwamba siku inarudi, hafanyi toba. Kwanza anakimbia, kisha anapeleleza, kisha anapoona hakuna atakayekumbuka kitu, anafanya upuuzi hadharani, mpaka kupita uchi mbele ya wenziwe. Kufa kwingi hakukumfundisha haya hata chembe. Kilichombadilisha ni jambo jingine: yule kijana, Carter, aliyemdharau asubuhi zote zile, alikufa siku moja akimtetea, na Tree, ambaye kesi ya siku hiyo alikwisha kuimaliza, akaona bora siku irudi ili kijana yule awe hai, akajitoa roho. Nitarudi kwenye hilo la kujitoa roho. Hapa nataka tuone kwamba moyo uligeuka kwa kumwona mwingine, na hesabu ya nafasi alizopewa haikuugeuza.

Baada ya hapo inakuja siku ya wema. Anamwachisha daktari. Kijana yule anayezimia, anamwekea mto kichwa kisigonge chini. Anakwenda kwa baba yake, na pale mezani anasema kwamba tangu mama yake alipofariki amekuwa akimkimbia baba, kwa kuwa siku ya kuzaliwa ilikuwa yake yeye na mama pamoja, na hakuweza kuikaa bila ya mama. Nakiri sehemu hii ilinigusa. Kisha usiku anamshinda muuaji anayemdhania, anakula ile keki ndogo kwa furaha, analala. Anaamka: siku ile ile! Keki ilikuwa na sumu. Mwenye kuiweka ni yule yule mwenziwe wa chumbani, kwa wivu juu ya daktari. Siku haikukatika kwa toba. Ilikatika Tree alipomtia mwenziwe keki ile kinywani na kumsukuma kwa teke dirishani.

Wasomaji, hapo ndipo filamu hii inapoachana na ile ya 1993. Yule mtangazaji wa Punxsutawney, filamu haituelezi kwa nini siku ilimrudia wala kwa nini ilimwacha. Ilimwacha tu usiku alipokuwa amekwisha kuacha kujitafutia nafsi yake. Na ndani ya siku zake zote zile mlikuwa na kitu kimoja asichoweza kukibadilisha. Yuko mzee mmoja maskini wa njiani ambaye kila usiku hufariki. Mtangazaji humpa fedha, humlisha supu, humpeleka hospitali, humpulizia pumzi, na kila usiku mzee hufa, na muuguzi humwambia kwamba siku zake zilikuwa zimefika. Mtu awezaye kurudia siku bila ya kikomo hakuweza kuusogeza ajali wa mzee mmoja kwa saa moja. Sijui kama watengenezaji walikuwa na Mungu katika mawazo yao walipoliandika hilo. Lakini kwa Muislamu aliyesoma Sura ya Aaraf aya ya 34, pale pana ukweli. Katika Happy Death Day ukweli huo haupo. Kila mauti yana ufunguo, na mwenye kuupata ufunguo ametoka.

Lakini iko nukta moja ambayo filamu ya 2017 imeizidi ile ya zamani, nayo ni ya mwili. Tree anapelekwa hospitali, anapigwa picha za eksirei, na daktari anashangaa: viungo vya ndani vina makovu ya majeraha mengi, kama ya mtu ambaye ilipasa awe amekwisha kufa. Yaani siku imefutika, watu wamesahau, damu imeondoka, na bado kila kifo kimeacha alama ndani. Nilipofika hapo niliisimamisha picha. Mtume S.A.W. ametueleza kwamba mja akitenda dhambi hutiwa nukta nyeusi moyoni. Akitubia husafishwa, na akirejea huzidishwa mpaka zikaufunika moyo. Sikutarajia kuikumbuka hadithi hiyo ya Tirmidhi nikitazama filamu ya kinyago. Laiti mwandishi angelishika wazo hilo! Angekuwa na filamu nyingine kabisa: msichana mwenye nafasi zinazopungua, anayejua kwamba kila kosa linamla. Badala yake, likishawatisha watazamaji kwa dakika chache, analiacha chini kama mtoto aliyechoka na mwanasesere, na mwisho wa filamu Tree yuko mzima kama hakukuwa na kitu.

Ama kicheko, sitaki kufanywa mzee aliyekunja uso. Mtume S.A.W. alikuwa akifanya mzaha na hasemi ila kweli. Abunuwas wetu wa hadithi za baraza ametuchekesha kwa kuyakwepa mauti mara ngapi? Na Shahrazad wa Alfu Lela Ulela naye kila alfajiri alikuwa na upanga shingoni, na kila usiku akauahirisha kwa kisa, na visa vyenyewe vingine ni vya kuchekesha. Kwa hivyo kucheka karibu na mauti si jambo geni kwetu. Lakini Shahrazad alikuwa akifa mara moja tu, na ndiyo maana tunamsikiliza kwa pumzi iliyokatika. Ondoa hiyo "mara moja" na upanga unakuwa wa mti.

Tena kuna jambo dogo ambalo wazazi wanalipuuza. Watoto wanaotazama filamu hizi hupenda kutishana: mmoja anavaa kitu usoni, anajificha nyuma ya pazia, mwenziwe anaruka kwa khofu, wote wanacheka. Imepokewa na Abu Daud kwamba Masahaba walikuwa safarini, mmoja akalala, mwenziwe akaiendea kamba aliyokuwa nayo akaichukua, yule akaamka kwa fazaa. Na Mtume S.A.W. akasema si halali Muislamu kumtisha Muislamu. Kamba tu! Basi itakuwaje kinyago na kisu cha jikoni, hata kiwe cha mchezo?

Sasa nirejee kwenye lile la kujitoa roho, na hapa sitacheka.

Filamu ya pili, Happy Death Day 2U, ilitoka mwaka 2019. Ndani yake tunaambiwa sababu ya siku kujirudia: ni mashine iliyotengenezwa na wanafunzi wa sayansi. Yaani si dhambi, si toba, si mama aliyefariki. Ni hitilafu ya chombo. Sijaona muongozaji aliyeiharibu kazi yake mwenyewe kwa haraka namna hiyo. Ili wanafunzi watengeneze tena mashine yao wanahitaji majaribio mengi, na kwa kuwa ni Tree pekee anayekumbuka, yeye huzihifadhi hesabu zao kichwani. Jaribio likishindwa, anajiua mwenyewe ili siku ianze upya. Haya hayakutajwa kwa haraka. Yameonyeshwa mfululizo, moja baada ya jingine, kwa muziki wa kuchangamsha: anakunywa sumu dukani, anajirusha kutoka angani, na mengine ambayo sitayataja. Kila mara uso wake una dhihaka. Ukumbi mzima unacheka.

Wallahi nilihisi baridi. Kwani Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Hurayra R.A. hadithi ya anayejiua kwa chuma, na anayejiua kwa sumu, na anayejirusha kutoka mlimani: kila mmoja atakuwa akilirudia tendo lile lile ndani ya Moto. Ni vitendo vile vile vya filamu, na hata kule kurudia kumo! Ila katika hadithi kurudia ni adhabu, na katika filamu kurudia ni mlango wa kutokea. Siamini kwamba waandishi wa Marekani waliijua hadithi hiyo. Hilo ndilo linalotisha zaidi, kwamba mtu anaweza kuyapanga mambo yale yale na kuyageuza kichwa chini miguu juu bila ya hata kujua amefanya nini.

Nitaambiwa, "Sheikh, ni mchezo, hakuna kijana atakayejiua kwa kutazama mchezo." Kwa kijana mwenye afya na furaha, huenda. Mimi namfikiria kijana mwingine, ambaye yuko katika kila mtaa wetu: aliyefeli mtihani, au aliyevunjiwa ahadi, au ambaye giza limemwingia moyoni na hata yeye hajui limetoka wapi. Huyu hatazami kama wenziwe. Huyu anaona mtu amechoka, amejiua, na ameamka katika kitanda safi na shida zake zikiwa na njia. Mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo asitosheke kumnyang'anya simu. Amkalie, amsikilize bila ya kumkemea, ampeleke kwa daktari kama anavyompeleka akishikwa na homa; maana ugonjwa wa moyo na akili ni ugonjwa, na aliyepotewa na akili kalamu imeondolewa kwake. Na zile nyumba ambazo msiba huu umekwisha kuzifika, wasiwe na dhana kwamba ndugu yao ametupwa nje ya umma. Katika madhehebu yetu ya Shafi huoshwa, hukafiniwa na huswaliwa, na huombewa maghufira. Ukali wa hadithi ni wa kumzuia aliye hai. Haukuletwa ili tumpige mawe maiti.

Ndani ya filamu hiyo hiyo ya pili, baina ya vichekesho viwili, imebanwa sehemu nzuri kuliko zote. Mashine imemtupa Tree katika dunia nyingine inayofanana na yake, na katika dunia hiyo mama yake yu hai. Anamkuta kwenye meza ya chakula amekaa na baba, kama kwamba hakikutokea kitu. Inambidi achague: abaki na mama katika dunia isiyokuwa yake, au arudi kwake ambako mama ni maiti na Carter anampenda. Anazungumza na mama, anachelewa kuamua, na mwisho anarudi. Hapo hakuna kisu wala kinyago, na mwigizaji yule yule aliyetuchekesha anamwaga machozi ambayo si ya uongo. Filamu hii ilipata kiasi cha dola milioni 64 tu, nusu ya ile ya kwanza, na wengi walilalamika kwamba haitishi. Sisi tunajua wanalofanyiwa wazazi waliokwisha kutangulia: dua, sadaka, kutekeleza ahadi zao, na kuwaunga jamaa na marafiki waliowapenda. Tree hana hata moja katika hayo. Ana kumbukumbu na majonzi, na amefika kwenye subira akiwa mikono mitupu. Na kwa mtu asiyekuwa na kitabu cha kumwongoza, naona amefika mbali.

Mwenye watoto wadogo asiwape filamu hizi. Huko kwao Marekani kwenyewe zimewekewa onyo kwa walio chini ya miaka 13. Mwenye vijana wakubwa, na akijua kwamba watazitazama akipenda asipende, na akae nao ya kwanza, ya pili aiache. Wakifika pale binti anapokutana na baba yake mezani, aisimamishe picha awaulize swali moja: siku zile zote kabla ya hii, ambazo binti alipeleleza, akakimbia, akafa na kuamka, baba alikuwa wapi? Filamu haina habari naye. Twasikia simu yake ikilia asubuhi tu. Lakini hesabuni. Kila siku iliyofutika, mchana wake, mwanamume mmoja alikwenda akakaa kwenye meza ya watu wawili, akaagiza maji, akatazama mlangoni.